Posho ya Safari na Posho ya Sahani

Wahenga walisema: mwenye njaa hana miiko. Maneno hayo yanamhusu kila mwanadamu, lakini huwagusa zaidi wale ambao kazi yao ni kulala leo hapa na kesho kule: askari, polisi, madereva, wakaguzi na makarani wanaotumwa wilayani. Nyumbani mtu hula alichopikiwa na mtu anayemjua. Safarini hula mbele ya wageni, kwa fedha alizopewa kwa ajili ya kazi, na mara nyingi akiwa amevaa nguo zinazomtambulisha kuwa ni mtu wa serikali. Hapo ndipo watu wanapomtazama na kumpima.

Barabara itokayo Kampala kwenda Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hilo. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 400, na chakula chake hubadilika kadiri ardhi inavyobadilika. Msafiri huanza na migomba ya Buganda, akapita penye samaki wa Ziwa Victoria, akaingia katika nchi ya maziwa ya Ankole, na mwisho akafika kwenye viazi vya milima ya Kigezi.

Mwanzoni mwa mwezi wa Novemba, wakati wanafunzi wa shule za msingi wanapokaribia mtihani wao wa mwisho, magari mengi ya serikali huonekana katika barabara hiyo. Katika gari moja la namna hiyo walikuwamo watu watatu: ofisa wa elimu wa makamo, dereva aliyekaribia kustaafu, na konstebo kijana aliyekabidhiwa bunduki na ulinzi wa masanduku.

Maana mbili za neno moja

Nchini Uganda neno posho lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ile inayojulikana kokote Kiswahili kinakosemwa, yaani mgawo au fedha anazopewa mtu kwa matumizi yake ya kazini. Maana ya pili ni ugali wa mahindi wenyewe. Zote mbili zimetoka katika shina moja. Zamani wapagazi, vibarua na askari walipokea posho yao kwa unga wa mahindi, na jina la mgawo likabaki kuwa jina la chakula. Kwa hiyo mtumishi anayesafiri hubeba posho mfukoni, na akiketi hotelini huletewa posho katika sahani.

Konstebo yule aliipenda zaidi ile ya mfukoni. Alikuwa amemwacha mkewe kambini pamoja na watoto watatu, na kabla hajapanda gari alikwisha kuzigawa fedha zake za safari mafungu matatu. Fungu moja lilikuwa la karo ya mtoto wa kwanza, la pili la viatu vya shule, na la tatu la mama yake kijijini. Fungu la tumbo lake hakulitenga. Alikusudia kunywa chai, kutafuna mkate mkavu, na kurudi na fedha zote kama alivyozipokea.

Hesabu ya namna hiyo hufanywa na wengi, na haifai kuchekwa. Mshahara wa askari una safari ndefu kuliko barabara ya Kabale. Hata hivyo kuna jambo ambalo hesabu hiyo hulisahau, nalo lilidhihirika kabla jua halijafika utosini.

Asubuhi ya katogo

Msafiri anayetoka Kampala alfajiri hukuta hoteli ndogo zilizo karibu na vituo vya magari zimekwisha kufunguliwa. Chakula cha saa hiyo ni katogo, yaani matoke yaliyomenywa na kupikwa katika sufuria moja pamoja na matumbo ya ng'ombe, au maharage, au mchuzi wa karanga. Ni chakula kizito, chenye mchuzi wa moto, na aliyekila asubuhi huweza kwenda mpaka mchana bila kutazama saa. Asiyekuwa na nafasi ya kuketi hununua rolex kando ya njia: mayai yaliyokaangwa na kabichi, kitunguu na nyanya, yakaviringishwa ndani ya chapati ya moto. Watu husema kwamba jina hilo halikutoka kwenye saa ya mkononi, bali kwenye maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, ambayo ulimi wa watu wa mjini uliyafupisha.

Ofisa na dereva walikula katogo. Konstebo alisema kwamba ameshiba.

Kilomita zipatazo 70 kutoka Kampala, mahali paitwapo Kayabwe, barabara hukata mstari wa Ikweta, na wageni hushuka kupiga picha. Mbele yake ni bonde la Lwera, ambako samaki hutundikwa kando ya barabara, ngege na kamongo, wakimsubiri mwenye nafasi katika gari lake. Halafu huja Lukaya. Gari linapopunguza mwendo tu, wauzaji hulikimbilia kutoka pande zote mbili, na vijiti vya nyama na kuku wa kuchoma hupenya madirishani pamoja na chupa za maji. Wenye busara huomba gonja, zile ndizi ndefu zilizochomwa juu ya makaa mpaka zikawa na rangi ya dhahabu. Gonja ni tamu, bei yake ni nafuu, na kwa kuwa hutoka motoni na kuingia mkononi, si rahisi kumletea mtu madhara.

Dereva, ambaye ameipita Lukaya kwa zaidi ya miaka 30, ana kanuni zake juu ya vyakula vya njiani, na inafaa zijulikane na kila familia yenye msafiri. Nyama hununuliwa ile inayotoka motoni mbele ya macho ya mnunuzi, wala si ile iliyokwisha kupoa katika kijiti. Nyama iliyonunuliwa huliwa pale pale. Haifungwi mfukoni ikapikwa tena na jua la garini. Maji hunywewa yaliyochemshwa, au ya chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa. Maji ya matunda yaliyomo katika jagi, hata yakiwa na rangi ya kupendeza, huachwa, kwa sababu hapana ajuaye yalichanganywa na maji gani. Na mahali pa kula mchana huchaguliwa kwa kuhesabu malori yaliyosimama nje. Hoteli inayopendwa na madereva wa malori huuza chakula chake chote siku ile ile, na chakula kisicholala hakichachi.

Konstebo alizisikiliza kanuni hizo zote kwa heshima, lakini dirisha lake hakulifungua.

Sanduku lililoponyoka

Mji wa Masaka upo kilomita 130 hivi kutoka Kampala. Gari liliingia katika uwanja wa kituo cha polisi ili masanduku ya huko yashushwe. Konstebo alishika sanduku la kwanza, na la pili. La tatu likamponyoka, nusura limwangukie mguuni. Akaegemea gari huku jasho likimtoka, akisema kwamba anaona kizunguzungu. Tangu jioni ya siku iliyotangulia hakuwa amekula kitu isipokuwa chai.

Ofisa hakumkaripia mbele ya wenzake. Alimvuta kando akamwambia, "Kijana, fedha hizo hukupewa ziwe zawadi. Serikali imekununulia chakula ili macho yako yaone na mikono yako ishike. Ukilala njaa, mlinzi wa masanduku haya amekuwa nani?"

Mkuu wa zamu alikubali kuliweka gari chini ya ulinzi wa askari wake. Konstebo akaiacha bunduki kituoni, na wote watatu wakaenda pamoja katika hoteli ndogo iliyokuwa na malori manne nje.

Desturi ya hoteli hizo humshangaza mgeni atokaye pwani. Hapo mtu haulizwi anataka kula nini. Huulizwa anataka mchuzi gani. Bei huwekwa kwa mchuzi: nyama, samaki, kuku, maharage, njegere au karanga. Vyakula vingine vyote huja katika sahani moja bila kuombwa: matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba na kupondwa, wali, posho, viazi vitamu, muhogo na kipande cha boga. Kwa hiyo mtu mwenye fedha kidogo, akichagua mchuzi wa karanga au wa maharage, hupata sahani iliyojaa sawasawa na ya yule aliyechagua kuku. Karanga na maharage hujenga mwili wa mfanyakazi, wala si chakula cha kumwonea mtu haya.

Kabla ya kula, binti wa hoteli hupita na dumu la maji, sabuni na beseni, na kila mtu hunawa mahali alipoketi. Asiyenawishwa na aombe mwenyewe.

Konstebo alikula mchuzi wa karanga na kila kilichokuwa katika sahani. Uso wake ukarudi katika hali yake. Siku zile mji ulikuwa na shughuli za nsenene, wale wadudu wa kijani wanaokuja na mvua za Novemba, na mwenye hoteli alikuwa ameweka bakuli lao mezani, wamekwisha kunyonyolewa mbawa na miguu, wakakaangwa kwa chumvi na kitunguu mpaka wakakauka. Huko Masaka, kumkaribisha mgeni nsenene ni ukarimu.

"Wacha tu, afande"

Wakati wa kulipa ulipofika, mwenye hoteli, mama wa umri mkubwa, alimpa ofisa hesabu yake, akampa na dereva hesabu yake. Konstebo hakupewa. Akainuka, akamwendea penye meza yake na kumwuliza kwa Kiswahili, "Mama, mimi ni pesa ngapi?"

Mama yule alitazama nguo za kazi, akatazama chini. "Wacha tu, afande," alijibu. "Wewe enda salama."

Kijana alidhani kwamba amepewa zawadi, akaanza kushukuru. Dereva ndiye aliyeuona uso wa yule mama. Akamgusa kijana bega na kumwambia kwa sauti ndogo, "Lipa."

Akalipa. Mama alizihesabu fedha polepole, akamrudishia chenji kamili, kisha akaongeza ndizi mbivu mbili. "Hizi ndizo za zawadi," alisema.

Garini dereva alieleza. Mwaka 1979, katika vita vilivyomwondoa Idi Amin, Masaka ilivunjwavunjwa, na yeye alikuwa mtoto. Katika miaka ile, na katika miaka ya misukosuko iliyofuata, mwenye hoteli aliyesikia lori la askari likisimama nje alijua kwamba sufuria yake itarudi tupu na sanduku lake la fedha litabaki kama lilivyokuwa. Aliyedai malipo alijitafutia mambo mengine. Kwa watu wengi wa sehemu hizo Kiswahili kilikuwa ni sauti ya vizuizi vya barabarani: simama, shuka, leta. Basi mtu aliyekua katika hali hiyo, aonapo nguo za kazi na kusikia Kiswahili, ulimi wake husema "wacha tu" kabla moyo haujafikiri.

Jambo hili lilijulikana hata na wale waliopigana vita vya msituni kati ya mwaka 1981 na 1986. Kanuni za nidhamu za jeshi la NRA zilimkataza askari kuchukua mali ya raia bila ya kuilipia, na zikataja hata ndizi mbivu na miwa, ili asiwepo atakayesema kwamba kitu hicho ni kidogo. Aidha ziliagiza malipo yafanywe papo hapo, kwa fedha taslimu. Walioziandika walifahamu kwamba raia huvumilia mengi, lakini haisahau ndizi aliyonyang'anywa.

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Hilo ni jambo kubwa. Walakini yule mama wa Masaka hakuisoma katiba. Yeye alisikia askari akimwuliza kwa Kiswahili ni pesa ngapi, na akaziona zikihesabiwa juu ya meza. Askari mia wakifanya hivyo katika hoteli mia, wajukuu wa mama yule wataijua lugha hiyo kwa sauti nyingine.

Maziwa ya Mbarara

Baada ya Lyantonde nchi hufunguka. Migomba hupungua, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu huonekana katika malisho. Mbarara, kilomita 270 hivi kutoka Kampala, ni mji wa maziwa. Katika vibanda vyake msafiri huletewa kikombe kikubwa cha maziwa ya moto pamoja na chapati, au akipenda, maziwa ya mgando yaitwayo bongo. Wenyeji hujivunia zaidi eshabwe, mchuzi mweupe utengenezwao kwa samli isiyokaangwa, ikapigwa kwa maji baridi na chumvi mpaka ikawa laini. Huliwa pamoja na ugali wa ulezi, na katika sherehe haikosekani.

Hapo ofisa aliona kwamba cheo chake kinastahili hoteli kubwa yenye vitambaa vya meza. Akaletewa orodha ya vyakula yenye kurasa sita. Aliagiza samaki, akaambiwa wamekwisha. Aliagiza mbuzi, akaambiwa bado. Kuku alikuwapo, akangojwa saa nzima na dakika kumi, na alipofika bei yake ilikuwa imepanda kwa kodi na huduma ambazo orodha haikuzitaja. Wenzake walikuwa wamekwisha kunywa maziwa, wamepumzika, na dereva alikuwa amelala usingizi mfupi chini ya mti. Ofisa alipanda gari bila kuzungumza. Kumbe anayejinyima si peke yake anayekosea hesabu. Hata anayejikweza huikosea.

Meza ya Kabale

Kabale upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jioni msafiri wa kutoka Kampala hutafuta sweta kabla ya kutafuta sahani. Hii ni nchi ya viazi mviringo, maharage, njegere na kabichi, vilivyolimwa katika vilima vilivyokatwa matuta kama ngazi. Hoteli za huko huvipika viazi kwa namna nyingi, na anayetaka kinywaji kisicholevya hupewa obushera ya mtama. Karibu na mji ni Ziwa Bunyonyi, ambalo kamba wake wa maji matamu hupikiwa wageni.

Masanduku yalipokwisha kukabidhiwa na sahihi kuwekwa, wale watatu waliketi pamoja kula viazi na maharage. Konstebo akatoa fedha zake akazihesabu. Alikuwa amekula mchana na alikuwa akila usiku, naye aliona kwamba zilizobaki zinatosha viatu vya shule, na kitu kidogo cha mama yake. Karo haikutimia. Palepale mezani alimpigia mkewe simu akamweleza. Wenzake walisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: "Hapana, nimekula... Ndiyo, nilikuwa nimekusudia hivyo... Haya, mama watoto, nitakula na kesho." Kisha akamtumia fedha za viatu kwa simu, akarudi kwenye viazi vyake.

Hapa pana neno kwa wale wanaobaki nyumbani. Mume au mke wa msafiri asiihesabu posho yote kuwa ni mshahara wa pili. Ni vema wawili hao wakubaliane kabla ya safari: fungu la kwanza ni la tumbo, na halikopwi; la pili ni la dharura; linalobaki, likibaki, ni la nyumbani. Aidha, mpishi wa nyumbani aweza kupunguza gharama ya siku ya kwanza kwa kumfungia msafiri mayai ya kuchemsha katika maganda yake, maandazi makavu na ndizi, vitu visivyoharibika upesi. Kwa njia hiyo msafiri ataokoa fedha bila kuidhulumu afya yake wala kazi aliyotumwa.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi. Nyuma ya gari, mahali palipokuwa na masanduku, paliwekwa gunia la viazi vya Kabale walilolinunua kwa kuchangiana, kwa maana huko bei yake ni ndogo kuliko Kampala. Walipofika Masaka walisimama tena mbele ya hoteli ile ile. Safari hii mama mwenye hoteli hakungoja kuulizwa. Alimwendea konstebo na kumpa hesabu yake pamoja na wenzake, akaitaja bei kwa sauti, kama anavyomtajia mteja yeyote. Konstebo akalipa, akanunua na pakiti moja ya nsenene za watoto.